Jodari Mwenye Kago

Simu ilinikuta ofisini nagombana na mashine ya kuchapishia. Namba sikuijua, lakini sauti niliitambua kabla salamu haijaisha, maana hakuna mwanamke mwingine duniani anayesema "haloo" kama anaita ng'ombe toka malishoni. "Mzaramo! Bado unapima samaki, au na wewe umeshaoza?" Alikuwa Minza. Miaka chungu nzima hatujasemezana, na yeye anaanza hivyo. Nikamjibu kwamba Msukuma akipiga simu kwa salio lake mwenyewe basi kiama kimekaribia. Nilitegemea anirudishie tusi lingine. "Bi Mwajabu ametutoka," alisema, kwa sauti nyingine kabisa. "Alfajiri ya leo, kwao Chole. Wanazika kesho mchana, wanamsubiri mwanawe yuko njiani anatoka Tunduru. Uje, Rehema. Safari hii usitume mtu."

Hilo neno la mwisho lilinipata. Alipougua mguu nilituma mtu. Alipoozesha mjukuu nilituma mtu na doti mbili za kanga. Mimi mwenyewe, mwenye gari na dereva wa ofisi, Chole sijawahi kukanyaga, na kutoka Kibaha si safari ya kufunga masanduku. Unakatiza Kiluvya, unaingia Kisarawe, unakula vumbi kidogo, umefika. Kuna watu wakikufia unalia, na kuna watu wakikufia unatafuta pa kuficha uso. Nilikaa pale kwenye kiti changu cha kuzunguka na masikio yananiwaka moto, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya paredi. Mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza kuna nini, nikamwambia nimefiwa na mama mwenye nyumba wangu wa zamani. Hata huo ulikuwa uongo. Nyumba haikuwa yake, alikuwa mpangaji kama mimi.

Mwaka wenyewe ni ule niliotoka chuo cha uvuvi na cheti kinanukia wino, nikapangiwa kwenda kupima jodari katika kiwanda kimoja cha samaki Zegereni, hapa hapa Kibaha. Watu walinicheka sana. Zegereni bahari iko wapi? Lakini jodari wa siku hizi haji mezani akitokea ufukweni. Anavuliwa mbali huko kwenye maji makuu na meli za kigeni, anagandishwa humo humo melini mpaka anakuwa mgumu kama gogo, anashushwa bandarini, anapakiwa lori, na sisi tulikuwa na ghala la baridi na meza za kukatia katikati ya viwanda na vumbi la malori. Kazi yangu ilikuwa kumlaza samaki kwenye rula kubwa ya mbao yenye taya mbili, kusoma urefu wake toka ncha ya mdomo hadi kwenye panda ya mkia, na kumwita kwa jina lake sawasawa, maana jodari wako wa namna namna na wakiwa wadogo wanafanana kama mapacha. Nilivaa koti jeupe na mabuti ya mpira. Nilijiona mtu, jamani. Wanawake wa meza za kukatia, wengi wao wa vijiji vya Kisarawe kama mimi, waliniita daktari wa samaki, nami sikuwakatalia.

Chumba nilipata Picha ya Ndege, nyumba moja na Bi Mwajabu, aliyekuwa mkubwa wa meza ya kwanza pale kiwandani. Vyumba vilitazamana kushoto na kulia kwa korido, na kuta hazikufika kwenye bati. Mwenye nyumba aliishiwa matofali au aliishiwa moyo, sijui. Ukikohoa chumba cha mwanzo, chumba cha mwisho wanakuambia pole. Wiki ya kwanza Bi Mwajabu alinikuta nimekaa kizingitini natafuna mkate mkavu na soda, akashika kiuno. "Wewe mtoto, kwenu wapi?" Nikasema Maneromango. "Ebo! Mzaramo mzima unakula mkate kama mtalii? Hebu njoo huku." Tangu siku ile sikununua hata sufuria. Tulikula koridoni kwenye mkeka, bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu kilichotiwa nazi mpaka kinateleza, na siku kiwanda kilipogawa vichwa tulikula mchuzi wa kichwa cha jodari, wenye ndimu na pilipili mbuzi, unatoka jasho puani. Macho ya samaki aliniwekea mimi. Msomi, alisema, anahitaji macho. Alikula taratibu, mguu mmoja ameunyoosha, na akimaliza alifunga vitu vyake vidogo vidogo kwenye pindo la kanga: karafuu mbili, ufunguo, hirizi ya mjukuu. Hilo pindo lilikuwa sanduku lake la chuma.

Chumba cha pili alikaa Minza, aliyekuja toka Shinyanga akiwa na mtoto mchanga mgongoni na hana mume wa kumtaja. Kazi ya pale pale kiwandani alitafutiwa na Bi Mwajabu. Wasukuma na sisi Wazaramo ni watani, na utani wenyewe si mzaha wa kupotezea muda. Mtani anakutukana mbele ya mkweo na huna ruhusa ya kununa, na msibani ndiye mwenye kauli kuliko hata ndugu wa damu. Basi kila jioni ilikuwa hekaheka. Minza akisema Wazaramo wamemaliza misitu yote ya Kisarawe kwa kukaanga mihogo na kuchezea ngoma, Bi Mwajabu anamjibu kwamba Msukuma akiona bahari anauliza ng'ombe wananyweshwa upande gani. Wanacheka mpaka mtoto anaamka. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa nacheka kwa pembeni, kwa adabu ya cheti. Nilikuwa najihesabu mpita njia.

Mkubwa wangu tulimwita Dokta tu. Alikuwa Mtanzania, mpole, hapandishi sauti, na alinifundisha kwa moyo mmoja, lazima niseme hivyo. Samaki wa baharini, alisema, huwezi kuwapanga foleni ukawahesabu. Alinieleza kwa kunde, pale kantini, akazimwaga mezani. Chukua gunia la kunde, usijue ni kubwa kiasi gani. Chota konzi moja, zipake rangi, zirudishe, changanya. Sasa chota bakuli. Ukizikuta za rangi ni nyingi, gunia dogo. Ukiambulia moja moja, gunia kubwa. Basi na jodari ni hivyo hivyo. Kuna watu walikuwa wanawavua wazima kule baharini, wanawachomeka uzi wa plastiki wa njano mgongoni karibu na pezi, wenye namba, kisha wanawaachia. Uzi ukipatikana kiwandani, ukarudishwa, tunajua. "Lakini mtu akiokota kunde yenye rangi akaitia mfukoni," aliniambia, "sisi tutaonaje? Tutaona gunia kubwa. Tutawaambia wenye meli samaki wamejaa, vueni. Na wao wanangoja kauli hiyo tu, binti. Siku tutakayogundua tumekosea, mtoto wako jodari atamwona kwenye picha." Kantini palibandikwa bango: ukiona uzi wa njano, mletee mpimaji, utapewa kofia na fulana. Kofia zilikuwa zimejaa kabatini kwangu. Viwanda vya nchi nyingine uzi ulikuwa unarudi, sisi Zegereni haurudi hata mmoja.

Kwa nini haurudi nililijua Jumapili moja mchana, nimelala chali kwenye godoro langu. Chumbani kwa Bi Mwajabu walikuwa wanasukana wanawake wa meza ya kwanza, na maneno yalipita juu ya ukuta kama moshi. "Nilimkuta mwingine juzi. Amechomekwa mgongoni, wa njano, una maandishi." "Uligusa?" "Thubutu! Nilimwita Bi Mwajabu." Kisha sauti ya Bi Mwajabu mwenyewe, ya chini, na chanuo mdomoni: "Kago ni kago, hata likiwa la Mzungu. Mtu hatii alama kwenye mali yake bure. Ukikuta kitu kimekagwa hutangazi, huibi, wala hutupi ovyo. Unakitoa kwa mkono wa kushoto, unakifunga kwa jani, unakipeleka njia panda, mwenyewe atakifuata. Mimi nikienda Chole nayaacha pale njia inapogawanyika." Mmoja akauliza, "Na zile kofia za kwenye bango?" Bi Mwajabu akaguna. "Ndiyo chambo hicho, mwanangu. Nani anakupa kofia kwa kugusa mali yake?"

Sasa hapa ndipo ninapotaka msomaji anitazame usoni. Mimi nilijua kago ni nini. Ningekuwa mtu wa kuja ningekuwa na sababu. Jirani yetu Maneromango alikuwa nalo shambani kwake, kibuyu kidogo kimefungwa kitambaa chekundu juu ya mti, na iliaminika mwizi akichuma nanasi pale tumbo linamvimba au anazunguka shambani haoni njia mpaka mwenye shamba aje amfungulie. Sisi watoto wa usharika tulifundishwa tupite tunatazama chini, kwamba hayo ni mambo ya giza na sisi tumetoka gizani. Nilipita ninatazama chini mpaka nikafika chuo. Ningeweza kuinuka pale godoroni, nikavuka korido, nikakaa kwenye mkeka nikasema: Bi Mwajabu, hili ni kago kweli, lakini ni kago la kuhesabia, salama yako ni kulirudisha mkononi mwa mwenyewe, na mwenyewe nipo hapa. Wangenielewa kabla sijamaliza, na kofia zile zingekwisha wiki hiyo hiyo. Badala yake niligeuka nikalala.

Na kesho yake Dokta aliniuliza waziwazi. "Wewe ni wa huku huku. Unadhani kwa nini hazirudi?" Nikaliona neno kago likinikaa ulimini, na nikaona aibu kulitoa. Nilimtazama na kalamu zake mbili mfukoni, nikawaza: nikilisema atajua natoka wapi. Atanifikiria na mimi nina hirizi ndani ya koti. "Sijui, Dokta," nikasema. "Labda uvivu." Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mimi mtumwa sikuwa, nilikuwa na mshahara, lakini siku ile nilitumika.

Dokta, kwa vile hakupata jibu, akaamua kupima mwenyewe. Alikwenda bandarini, akachomeka nyuzi kadhaa kwenye jodari waliokwisha kufa kitambo, waliogandishwa, kabla lori halijaondoka. Njia hiyo ni halali na inatumika duniani kote: unaficha nyuzi unazozijua idadi, uone zitarudi ngapi, na kutokana na hapo unajua zile za kweli ngapi zinapotea njiani. Tuliojua ni Dokta, meneja wa kiwanda na mimi. Asubuhi lori lilipofika nilikuwa nimekunywa uji wa Bi Mwajabu. Nilijua lori limebeba nini, nilijua nani atakayeitwa mezani uzi ukionekana, na nilimwambia asante kwa uji.

Mchana ukapita, hakuna aliyekuja kwangu. Saa tisa meneja akapandwa na hasira. Dokta alikuwa anataka takwimu tu, lakini meneja alikuwa anaogopa kuambiwa kiwanda chake kinaficha mambo, kibali kikaingia mashakani. Akasimama juu ya kreti akatangaza kwamba kuna vitu vya utafiti vimefichwa, na atakayekutwa navyo leo, kesho asije. Kila mtu atapekuliwa getini. Walinzi wote walikuwa wanaume, na hata yeye meneja alijua mlinzi mwanaume hawezi kumfungua mwanamke kanga mbele ya watu Kibaha hii akabaki na meno. Akaniangalia. "Wewe ni mwanamke mwenzao."

Wakapanga foleni. Vijana wa kupakia walikuwa wameshapita, wakakaa ng'ambo ya geti kutazama. Nilianza na wale wa mbele, nikiwaomba samahani kwa sauti ndogo. Wananyoosha mikono, nafungua pindo, natikisa kilemba, napapasa kiunoni. Mmoja alikuwa amevaa kanga kuukuu ndani, imetoboka, vijana wakapiga mluzi. Nikafika karibu na Minza. Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane, ningepata nafuu. Minza alinyamaza kimya, amekaza uso, mtoto mgongoni. Nilidhani amenichukia. Mara Bi Mwajabu, aliyekuwa nyuma yake, akachomoka kwenye foleni akaja mbele. "Nianze mimi, mwanangu," alisema, "miguu inaniuma." Na kabla sijamwambia, akanyoosha mikono yake yote miwili juu, akasimama hivyo mbele yangu, mtu ninayempa shikamoo kila asubuhi, makwapa wazi, anatazama juu ya kichwa changu kwenye mabati ya kiwanda.

Pindo lake nililijua. Nilifungua fundo, zikatoka karafuu, ukatoka ufunguo, kikatoka kifurushi cha jani la mgomba kilichofungwa vizuri kwa ukambaa. Nikakifungua. Nyuzi zilikuwa mle ndani, za njano, zimelala pamoja, namba zinasomeka. Na mimi nikapiga kelele. Nikaziinua juu ili Dokta, aliyesimama mlangoni pa ofisi, azione, nikasema, "Nimezipata!" Kwa furaha, Mungu anisamehe. Kama mtu aliyepotelewa na mbuzi akamwona. Kwa lile tendo la kupekua huwa najitetea kwamba niliamrishwa, na siku nyingine najikubalia. Lakini furaha ile hakuna aliyeniamrisha.

Upekuzi ukaishia hapo, foleni ikavunjwa. Ofisini Bi Mwajabu alikalishwa kwenye kiti cha wageni. Aliulizwa anawauzia nani, akasema hauzi. Akaeleza lile la kago, la mkono wa kushoto na njia panda, bila kuficha, kama anavyoeleza kupika kisamvu. Dokta akatabasamu, akainamisha uso. Meneja akacheka wazi. Bi Mwajabu akamgeukia Dokta. "Hizi si zako?" "Zangu, mama." "Ulizitia mwenyewe?" "Ndiyo." "Ili umjue atakayegusa?" "Kwa namna fulani, ndiyo." "Basi, mnacheka nini?" Na bado walicheka, na mimi nikacheka nao, nimesimama pembeni ya kabati la kofia, kicheko kidogo cha puani, ili Dokta aone kwamba hata kwangu ni mambo mapya. Bi Mwajabu alinitazama mara moja tu. Alijua Maneromango iko wapi, na alijua kwamba nilijua.

Dokta alijaribu kumtetea, alisema mama huyu hana nia mbaya, apewe onyo. Meneja alikuwa ametangaza mbele ya watu na hakutaka kula matapishi yake. Bi Mwajabu akafukuzwa jioni ile ile. Nilirudi Picha ya Ndege kwa kuzunguka, natafuta namna ya kuingia bila kupita koridoni, kana kwamba korido ina mlango wa pili. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, mguu ameunyoosha, sufuria iko katikati. Sahani yangu ilikuwepo. Nikasema sina njaa. "Kaa ule," alisema. "Chakula hakina ugomvi na mtu." Nikakaa. Kilikuwa kichwa cha jodari, na macho yalikuwa upande wangu. Minza hakuja kula, tulimsikia tu juu ya ukuta anambembeleza mtoto, na hapakuwa na utani. Nilimeza macho yale mazima mazima ili nisiyatafune. Asubuhi Bi Mwajabu akafunga mizigo, akamwambia mwenye nyumba asinisumbue, akaniachia sufuria mbili na mwiko, akaenda zake Chole.

Baada ya pale mambo yakanyooka, ndiyo tabu yake. Wanawake walianza kuniletea nyuzi. Walizileta kwa vidole viwili, wanaziweka mezani, wanaondoka bila kugusa kofia. Na nyuzi zile zilizofichwa na Dokta zilitusaidia kweli. Zilituonyesha ni kiasi gani cha alama kilikuwa kinapotelea njia panda, hesabu zikarekebishwa, gunia likaonekana dogo kuliko tulivyodhani, na waliokuwa wanataka kuongeza meli wakaambiwa ngojeni. Mimi nikapanda. Leo nakaa kwenye vikao ambako mataifa yanavutana nani avue kiasi gani, na kila ninapoiona kwenye jedwali ile nambari ndogo inayorekebisha alama zisizorudishwa, namwona Bi Mwajabu na mikono yake juu. Dokta alikuwa akisimulia kisa kile kwenye mikutano, "mama wa kago," ukumbi mzima unacheka kabla ya chai. Alistaafu, na kisa nikakirithi. Nimekisimulia. Nakijua mahali pa kutua ili wacheke zaidi.

Basi nikaenda Chole. Gari nililiacha mbali nikatembea, nimejifunga kanga, nimefunika kichwa, najipangia maneno ya pole. Wanaume walikuwa wameketi upande mmoja kwenye majamvi, wanawake wamejaa uani na ndani. Kabla sijafika kwenye uzio wa makuti, mtu akaruka mbele yangu, amevaa kanga ya marehemu na kilemba cha marehemu, mguu mmoja anauburuta kwa kuunyoosha, mkononi ameshika kisu alichochonga kwa bua. Minza, amekuwa bonge la mama, mvi zimemtoka. "Simama hapo hapo!" alipaza sauti mpaka wanaume wakageuka. "Hapa hapaingiwi hivi hivi! Huyu ni mpekuzi, na leo anapekuliwa! Nyoosha mikono, Mzaramo!" Watu wakaangua kicheko. Wote walijua. Chole nzima, wazee kwa watoto, walikijua kisa kuliko ule ukumbi wangu wa mikutano, na kwao aliyekuwa anachekesha ni mimi. Mtani akikushika msibani huna pa kukimbilia. Nikanyoosha mikono.

Akanipekua kweli kweli. Alitikisa kilemba changu, alinivua viatu akavigonga gonga, alifungua mkoba akawaonyesha watu miwani yangu na dawa zangu za presha. "Msomi gani huyu, mkoba mzima hauna hata kipande cha muhogo!" Wanacheka, na mimi machozi yananitoka na mikono iko juu siwezi kuyafuta. Kisha akanisogelea kufungua pindo la kanga yangu, kichwa chake karibu na sikio langu, sauti ikashuka. "Siku ile uzi mmoja ulikuwa shavuni mwangu," alisema. "Niliuokota kabla meneja hajatangaza. Aliposema atakayekutwa navyo kesho asije, nikautia mdomoni. Bi Mwajabu aliliona shavu. Wewe unadhani miguu ilikuwa inamuuma?" Nilitaka kushusha mikono, akanizuia. "Bado. Mtoto wangu alikuwa ananyonya, na yeye alijua sina pa kwenda. Alikupa za kwake ili usifike kwangu. Na kila nikija huku kumtazama alikuwa ananiuliza neno moja juu yako: yule mtoto, siku hizi anakula?"

Nilisikia kitu kinakazwa kwenye pindo. Nilipoangalia chini alikuwa ameniwekea ule uzi, wa njano, umepauka, namba zake bado zipo, anaufunga fundo kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama alivyokuwa anafunga Bi Mwajabu karafuu zake. Halafu akageukia watu, sauti yake ikarudi ile ya kuita ng'ombe. "Huyu tumemtia alama! Akivuliwa mahali popote, kokote kule, arudishwe Chole!" Wakacheka, wakapiga vigelegele vya mizaha, na mtu mmoja wa ndani akaita kwa upole, "Mwacheni sasa apite, akamwone mwenzake." Minza akasogea pembeni. Nikapita uani katikati ya wanawake, nikavuka kizingiti, na nilikuwa nimeshafika kwenye mkeka, mbele ya kitanda alicholazwa, ndipo nilipotambua kwamba mikono yangu bado nimeinyoosha juu.